Baridi ya Tukuyu Haitibiwi na Kachupa

Huku kwetu Suma mvua haijui likizo. Tukuyu inapiga zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ikifika Juni ukungu unashuka toka Mlima Rungwe mpaka unamwambia mtu "ugonile" hujaiona sura yake. Hapo ndo ile stori ya kijiweni inaanza: "Mwana, tia kidogo, mwili upate moto."

Hiyo ni kamba. Pombe inafungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu ya moto inakimbilia juu, uso unawaka, unajiona uko fiti. Kumbe joto la ndani ndo linasepa hivyo. Mshikaji aliyezima chini ya mgomba huku mvua inamnyeshea anapoa taratibu, na kwa kuwa kalewa hata kutetemeka hatetemeki sawasawa. Ukimkuta usimcheke ukapita, wala usimrekodi. Mlaze ubavu, maana akitapika amelala chali matapishi yanamkaba. Mfunike, kaa naye. Ukimtikisa haamki, au anahema kwa kusuasua, mkimbizeni hospitali. Habari za kummwagia maji acheni.

Sasa kachupa kenyewe. Viroba vya pombe kali vilipigwa stopu nchi nzima kuanzia Machi 1, 2017, wengi tukadhani gemu imeisha. Wapi! Pombe kali ikahamia kwenye chupa ndogo, na mfukoni inaingia vilevile. Piga hesabu: chupa ya mililita 200 yenye kilevi asilimia 40 ina mililita 80 za alkoholi tupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25. Yaani kachupa kamoja ni bia tatu na chenji, na mtu anakashusha chapchap, tumboni hamna hata ndizi ya kuchoma. Ini nalo halina haraka. Kukasafisha hako kunaweza kulichukua masaa saba, nane. Kahawa haisaidii, ndimu haisaidii, na ukijitosa Mto Kiwira utatoka mlevi aliyelowa.

Ndo maana wana wa boda hii inawahusu kinoma. Umekamaliza saa tano usiku, saa kumi na moja alfajiri unapakia abiria wa Tukuyu: damu bado ina kitu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, ila kona na malori ya barabara ya Uyole kwenda Kasumulu hayasubiri upimwe.

Washua wanapenda kutusema eti vijana wa siku hizi kazi yetu vijiwe. Jamani, Wanyakyusa walikuwa na vijiwe vya kufa mtu! Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na watu wa huku miaka ya 1930, alitoa kitabu mwaka 1951, Good Company, kuhusu vijiji vya rika. Madogo wa kiume wakifika miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakakua humo pamoja hadi kuoa. Kukaa na kula na wenzako ndo ilikuwa shule yenyewe. Kwa hiyo kijiwe hakina kesi.

Na kimpumu ilikuwepo. Ulezi, chungu katikati, maji ya moto, mirija, mnavuta mdogomdogo stori zikiendelea. Sisemi kimpumu ni maziwa. Inachapa watu, na ndoa kibao zimepasukia kilabuni. Ila mrija unakuchelewesha, na ukizidisha rika lako linakuona. Kachupa unakagonga nyuma ya banda, peke yako, hakuna wa kukwambia "mwanangu, basi."

Gongo ni noma zaidi. Sheria yake ya 1966 inaiita moshi, na kuipika bila leseni ni kosa. Kinachonitisha mimi lakini siyo polisi. Pombe za kificho zikichanganywa methanoli, mwili unaigeuza kuwa asidi inayoua neva ya macho. Februari 2024 kule Kirinyaga, Kenya, watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe ya sumu, na wapo waliobaki hawaoni.

Halafu kuna hili hatupendi kulisema: anayepika gongo mara nyingi ni maza wa mtu. Majani ya chai yanalipa kiduchu, parachichi zina msimu, mahitaji ya shule hayana msimu. Ukimkamata na madumu yake, umekamata na daftari za watoto. Mimi naona kijiji kingetangulia na ng'ombe wa maziwa au miche ya parachichi kwa kina mama hawa, migambo wafuate baadaye. Ila kumuuzia dogo wa chini ya miaka 18, hapo sina huruma na mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza. Na wewe baba unayemtuma mtoto kilabuni na kidumu, unajua mwenyewe anakionja njiani.

Ndumu, yaani bangi, nayo isikuzuge kwa sababu inaota shambani. Ubongo unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25, na anayeanza kuvuta akiwa dogo anajiongezea hatari ya kuchanganyikiwa kweli kweli. Na walionaswa na unga, yaani heroini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya methadoni. Kunaswa na unga ni ugonjwa unaotibika, hata kama mtaa unawaita mateja.

Mwisho, yule braza au mzee nyumbani anayeanza kunywa kabla ya chai ya asubuhi, akikosa mikono inatetemeka. Familia ikichoka inamfungia ndani: "Utaacha tu." Msijaribu. Mwili uliozoea hivyo ukikatiwa ghafla unaweza kupiga degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Mpelekeni hospitali ya Makandana au Igogwe, mseme ukweli anakunywa kiasi gani na tangu lini, madaktari wana dawa za kumshusha taratibu. Na wa kumsindikiza awe mtu anayesikilizana naye, siyo yule aliyetaka kumfungia.