Granada, Mji Unywao Theluji ya Mlimani

Watu wengi wakisikia jina la nchi ya Hispania hukumbuka jua kali, mchanga wa pwani, na watalii waliojilaza kando ya bahari. Lakini mtu afikaye katika mji wa Granada siku za kwanza za mwezi wa Januari hukutana na Hispania nyingine. Saa mbili ya asubuhi bado ni giza. Jua huchomoza karibu na saa mbili na nusu, na mwanga wake wa kwanza hauugusi mji, bali huigusa milima mirefu iliyo upande wa kusini-mashariki, iliyovikwa theluji toka kileleni hata kiunoni. Mawe ya njiani yana jalidi, yaani umande ulioganda, na mgeni asiyeangalia akanyagapo huteleza.

Milima hiyo huitwa Sierra Nevada, maana yake Milima yenye Theluji. Kilele chake kirefu ni Mulhacén, chenye mita 3,479, nacho kilipewa jina la mmoja wa wafalme Waislamu wa mwisho wa Granada. Mlima Kenya wakipita kwa zaidi ya mita 1,700. Lakini theluji ya Mulhacén ina kazi kubwa, kwa kuwa mji na mashamba yaliyo chini hupata maji kutoka katika milima hiyo. Habari ya maji hayo ndiyo habari ya Granada yenyewe.

BARIDI NA DAWA YAKE

Granada uko katika jimbo la Andalusia, kusini mwa Hispania, kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari. Nairobi uko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, tena baridi yake ni ndogo. Sababu ni kwamba Nairobi uko karibu na Ikweta, na Granada uko mbali sana upande wa kaskazini. Mwezi wa Januari jua la huko hupita chini angani, na mchana ni mfupi. Usiku baridi hufikia kiwango cha maji kuganda, na mchana joto hupanda hata digrii 12 au 13 tu. Hata hivyo siku nyingi mbingu ni safi, na wenyeji wana desturi ya kuvuka njia ili watembee upande upigwao na jua.

Mgeni hushangaa kuona kwamba nyumba za zamani zina baridi ndani kuliko nje. Zilijengwa ili kuzuia joto la kiangazi, ambalo ni kali mno: kuta nene, sakafu ya vigae, madirisha madogo. Kwa hiyo watu wa zamani walibuni dawa yao. Meza ya duara ilifunikwa kwa kitambaa kizito kilichofika sakafuni, na chini yake likawekwa jiko la makaa. Jamaa wote waliketi kuizunguka, miguu na magoti ndani ya kitambaa, wakala na kuzungumza. Meza hizo ziko hata leo, ila mahali pa makaa pamechukuliwa na umeme. Asubuhi watu hunywa chokoleti ya moto, nzito kama uji, wakichovya ndani yake mandazi marefu membamba yaliyotoka sasa hivi katika mafuta.

KENGELE YA TAREHE 2 JANUARI

Katikati ya baridi hiyo Granada una siku yake kubwa. Tarehe 2 Januari 1492, mfalme wa mwisho wa Waislamu, Muhammad wa Kumi na Mbili, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alitoa funguo za mji kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella. Hivyo ulikoma utawala wa Waislamu katika Hispania, uliodumu karibu miaka 800. Ferdinand na Isabella wamezikwa katika kanisa la wafalme lililo katikati ya mji, na kila mwaka siku hiyo bendera hupeperushwa kutoka roshani ya ofisi ya baraza la mji.

Si wote waifurahiao sherehe hiyo. Wako wasemao kwamba ni sikukuu ya mji wao, na wako wasemao kwamba ni kumbukumbu ya watu waliofukuzwa makwao. Maana baada ya 1492 Waislamu walilazimishwa kubatizwa. Walipoasi katika 1568 walishindwa, na wengi wakahamishwa kutoka nchi ya Granada. Kisha kati ya 1609 na 1614 wale wa kizazi chao waliosalia katika Hispania wakafukuzwa kuvuka bahari. Wenyeji hubishana juu ya mambo haya kila Januari. Katika 2003 msikiti mpya ulifunguliwa katika Albaicín, mtaa wa kale wa Waislamu, nao hutazamana na ngome ya wafalme wa zamani ng'ambo ya bonde.

Siku hiyo hiyo watu hupanga mstari mrefu chini ya mnara wa Vela, ulio katika ngome hiyo, ili wapande kupiga kengele yake kubwa. Wasichana huwa wengi, kwa kuwa husemwa kwamba msichana aipigaye kengele hiyo tarehe 2 Januari ataolewa kabla ya mwaka kwisha. Lakini kengele hiyo haikuwekwa kwa ajili ya harusi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa nyingine, na wakulima ndio walioijua vizuri.

MAJI NDANI YA NGOME

Ngome yenyewe huitwa Alhambra, kwa Kiarabu Nyekundu, kwa sababu ya rangi ya kuta zake. Muhammad bin al-Ahmar, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Nasri, alianza kuijenga katika 1238. Kilima alichokichagua kilikuwa kizuri kwa vita, ila hakikuwa na maji. Mto Darro ulipita chini kabisa, bondeni, na maji hayapandi mlima.

Mafundi wake walitafuta njia. Waliufuata mto kwenda juu kiasi cha kilomita sita, mpaka wakafika mahali ambapo mto wenyewe ulikuwa juu kuliko kilima. Hapo wakayakinga maji, wakachimba mfereji ubavuni mwa mlima, wenye mteremko mdogo sana, mpaka maji yakaingia ngomeni kwa uzito wake yenyewe, bila ya kusukumwa na mtu wala mnyama. Mfereji huo ulinywesha bustani kwanza, kisha ukajaza mabirika, hamamu na chemchemi za majumba. Katika ua maarufu kuliko zote, simba 12 wa marumaru hubeba bakuli kubwa la maji mgongoni.

Mgeni aendaye Januari ana bahati, kwa kuwa watu si wengi kama wakati wa kiangazi. Lango hufunguliwa saa mbili na nusu ya asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili ya jioni. Yafaa anunue tiketi mapema, nayo huandikwa saa ya kuingia katika majumba ya wafalme. Akichelewa huenda akakosa kuingia. Ndani ya nyua ni kimya, na katika kimya hicho sauti ya maji husikika kila upande.

ZAMU ZA USIKU

Kutoka juu ya mnara wa Vela mtu huona magharibi uwanda mpana wa mashamba uitwao Vega. Mto Genil hushuka kutoka milimani ukaupitia. Katika karne ya 11 watawala wa Granada walichimba mfereji mkubwa kutoka mto huo, nao huitwa hata leo Acequia Gorda, yaani Mfereji Mnene. Mifereji midogo hutoka ndani yake kama matawi ya mti. Kwa nyakati mbalimbali Vega imeotesha ngano, maharagwe, miti ya kulisha nondo wa hariri, viazisukari na tumbaku.

Maji hayakumtosha kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo yaligawanywa kwa zamu, na zamu nyingine ziliangukia usiku. Katika siku hizo mkulima hakuwa na saa. Ndipo kengele ya Vela ilipofanya kazi yake: kwa karne nyingi ilipigwa usiku kwa hesabu maalumu, ili kila mtu shambani ajue saa yake ya kufungua mlango wa mfereji, na jirani yake ajue saa ya kuufunga. Kengele ile ile iliyoshangilia ushindi wa wafalme ndiyo iliyozuia ugomvi wa wakulima. Watu wa Kenya waijuayo mifereji ya Wamarakwet, iteremkayo kwenye bonde la Kerio, na ambayo maji yake hugawanywa kwa koo, watafahamu mara moja.

Hata maneno ya kazi hiyo yalibaki. Neno acequia latoka katika Kiarabu, na Kiswahili nacho kilichota katika kisima hicho hicho. Mhispania husema azúcar, nasi twasema sukari. Yeye aceituna, hapa zeituni. Yeye azafrán, hapa zafarani. Yeye naranja, hapa narinji. Mkuu wa mji huitwa alcalde, na neno hilo ni kadhi.

KUPANDA MAJI

Lakini ujuzi mkubwa kuliko wote uko juu zaidi, katika vijiji vya Sierra Nevada. Theluji ikianza kuyeyuka, maji huwa mengi wakati ambapo mashamba hayayahitaji, nayo yangeshuka yote upesi mpaka baharini. Kwa hiyo wanavijiji wa zamani walichimba mifereji ya udongo juu sana mlimani, wakayaongoza maji ya theluji mpaka mahali penye mawe yaliyopasuka, wakayaacha yazame. Maji hayo hutambaa chini ya ardhi polepole, na baada ya wiki au miezi hutokea katika chemchemi zilizo chini, wakati wa kiangazi, mvua ikiwa imekatika. Wenyeji huita kazi hiyo kupanda maji, kama mtu apandavyo mbegu.

Waislamu walipohamishwa, watu wa kaskazini waliletwa kukaa katika vijiji vyao. Yasimuliwa huko kwamba katika kila kijiji jamaa mbili ziliruhusiwa kubaki, ili kuwafundisha wageni njia za maji. Wageni wakajifunza, na mifereji ikaendelea kwa karne nyingine nne.

Katika karne ya 20 vijana walihamia mijini, na mifereji mingi ikajaa udongo na miiba. Wengine waliona kwamba pampu na mabomba yatatosha. Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Chemchemi chini ya mifereji iliyoachwa zilianza kupungua, na wakati huo huo joto likaongezeka na ukame ukawa mkali. Katika 2014 watu wa Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na wanakijiji na watu wa kujitolea, walishika majembe wakafukua mfereji wa Barjas katika kijiji cha Cáñar, ulioachwa kwa miaka mingi. Maji yalipita tena. Tangu hapo mifereji mingine mingi imefukuliwa, na wazee wachache wakumbukao mteremko wa kila mfereji wamekuwa walimu wa wasomi.

Jioni mgeni hupanda Albaicín, ambako zaidi ya mabirika ishirini ya kale yamebaki katika vichochoro. Kutoka hapo huiona Alhambra na nyuma yake theluji, ambayo huwa nyekundu kidogo jua lituapo. Wafalme waliopigania mji ule wamekufa wote, washindi kwa washindwa. Ufalme wa Granada ulianguka kwa siku moja, na tarehe yake yajulikana na kila mtoto wa shule. Mfereji hauanguki hivyo. Huanguka kidogo kidogo, kila mwaka usiofukuliwa, wala hakuna kengele ipigwayo. Mtu hujua siku aendapo kisimani akakuta tope.