Asilimia na Asili Yake

Watumishi wa Serikali na wananchi wote hukutana na asilimia katika hati za mishahara, risiti, matokeo ya mitihani na takwimu za sensa. Asilimia moja ni sehemu moja katika mia. Hesabu yenyewe si ngumu. Makosa mengi hutokea pale mtu asipouliza ni asilimia ya kitu gani.

Jambo hili si geni Visiwani. Kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, bidhaa za Wamarekani zilizoshushwa Unguja zilitozwa ushuru wa asilimia 5: shehena ya thamani ya riale 2,000 ililipiwa riale 100. Miongoni mwa bidhaa hizo zilikuwamo nguo za marekani, ambazo wapagazi walizibeba bara hadi Tabora, kituo kikuu cha misafara.

Katika Tabora ya leo, tuseme mtu amenunua mabati dukani Chemchem kwa shilingi 118,000, ikiwamo Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Je, kodi ni kiasi gani? Wengi hutafuta asilimia 18 ya 118,000, wakapata 21,240. Sivyo. Kodi huhesabiwa juu ya bei iliyokuwapo kabla ya kodi. Kwa hiyo 118,000 hugawanywa kwa 118, ikapatikana 1,000, ambayo ni asilimia moja ya bei hiyo. Mara 18 ni shilingi 18,000. Karani aliyeandika 21,240 amekosea kwa shilingi 3,240 katika risiti moja tu, na ofisi hupokea risiti nyingi.

Sensa nayo yataka uangalifu uo huo. Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623 mwaka 2012, na 3,391,679 mwaka 2022. Ongezeko la watu 1,100,056 hugawanywa kwa idadi ya mwanzo na kuzidishwa kwa 100: ni asilimia 48. Mwenye kuligawanya kwa idadi ya mwisho atapata 32, naye atakuwa amejibu swali lisiloulizwa. Zanzibar, kwa njia hiyo hiyo, iliongezeka kutoka watu 1,303,569 hadi 1,889,773, yaani asilimia 45.

Kiwango cha kodi iliyotajwa kilishushwa Bara mwaka 2009 kutoka asilimia 20 hadi 18. Husemwa kuwa ilipungua kwa asilimia 2. Lakini aliyekuwa akilipa kodi ya shilingi 20,000 alilipa 18,000 kwa bidhaa ile ile: kodi yake ilipungua kwa asilimia 10.