Kuunganisha vyuma tofauti: Siri ni kijiti

FUNDI anayechomelea miguu ya chuma cha kawaida kwenye tangi la maziwa la chuma kisichoshika kutu hana budi kuchagua kijiti kwa makini, la sivyo kiungo kitapasuka.

Vyuma hivyo vinapoyeyuka huchanganyika na kijiti. Chuma cha kawaida huzimua kromiamu na nikeli, nacho kiungo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Hivyo, E6013, kijiti kilichozoeleka kwa malango na madirisha, hakifai.

Kifaacho ni E309L, chenye kromiamu takriban asilimia 23 na nikeli asilimia 13, kiasi kinachostahimili kuzimuliwa.

Kwanza, kutu, rangi na mafuta viondolewe. Kisha fundi atumie umeme wa kiasi na kuchomelea kwa vipande vifupi, kwani chuma kisichoshika kutu hutanuka zaidi kinapopata moto.