Joto na kelele za injini vinavyokula faida ya pikipiki ya mzigo

Alfajiri, katika barabara inayoshuka kutoka milima ya Mgeta kuja Mzumbe, mkoani Morogoro, pikipiki za mizigo huanza kusikika kabla hazijaonekana. Zinashuka zikiwa zimebeba kabichi, karoti, njegere na matenga ya nyanya. Mchana zinapanda tena, safari hii zikiwa na mbolea, sukari, sabuni na kreti za soda. Kwa wakulima wengi wa milimani, pikipiki ndiyo lori lao, ndiyo basi lao, na kwa baadhi ndiyo mtaji wote walionao.

Mimi nami nilinunua pikipiki miaka kadhaa iliyopita kwa ajili ya kazi ya kukusanya bei za mazao vijijini. Ilikuwa ya mtumba, yenye injini ya sentimeta za ujazo 125, na ilikuwa na kelele ya "tiki tiki tiki" upande wa juu wa injini ambayo ilinikera sana. Nikaipeleka kwa fundi. Hakuchukua hata nusu saa, akafungua kifuniko cha juu, akakaza tapeti, akawasha. Kimya. Nikamlipa nikamwongeza na ya soda.

Wiki ya tatu, nikiwa napanda mlima, pikipiki ikaanza kuishiwa nguvu. Nilipoizima kupumzika, ikakataa kuwaka. Ilipofunguliwa, vali ya kutolea moshi ilikutwa imeungua ukingoni. Nililipia vali, gasketi, ufundi, na nauli ya gari lililonirudisha mjini pamoja na pikipiki yenyewe. Kelele niliyokuwa nimelipia iondoke ndiyo iliyokuwa ikinilinda.

Ndugu msomaji, kisa hiki nakisimulia kwa sababu wengi wetu tunalichukulia suala la kelele na suala la joto kama mambo mawili tofauti, na kila moja tunalitafutia dawa yake. Ukweli ni kwamba yanakwenda pamoja, na dawa ya moja mara nyingine ni sumu kwa jingine.

Tuanze na joto. Petroli inapoungua ndani ya silinda, ni sehemu ndogo tu ya nguvu yake, takriban robo, inayofika kwenye gurudumu. Iliyobaki yote inageuka joto. Sehemu kubwa inatoka na moshi kupitia ekzosi, na nyingine lazima iondoke kupitia mwili wa injini wenyewe. Pikipiki nyingi za biashara hapa nchini hazina rejeta wala maji. Zinapozwa na hewa inayopita kwenye zile pezi, yaani vile vibati vyembamba vilivyozunguka silinda, na zinapozwa na oili.

Wapo wanaodhani shida hii ni ya pikipiki za bei nafuu tu. Sivyo. Katika barabara kuu ya kwenda Iringa hupita watalii wenye mapikipiki makubwa ya safari ndefu, na ukizungumza nao utasikia malalamiko yale yale: miguu inaungua, masikio yanalia. Kampuni ya BMW ilianza mwaka 2013 kutumia maji kupoza sehemu ya injini za R 1200 GS, ambazo kabla ya hapo zilitegemea hewa na oili. Harley-Davidson nao waliweka katika baadhi ya pikipiki zao mfumo unaonyamazisha silinda ya nyuma pale dereva anaposimama kwenye foleni, ili asichomeke mapaja. Kama wenye injini za gharama hiyo wanahangaika na joto, sisi tunaopanda Mgeta na mifuko miwili ya mbolea, yaani kilo 100, pamoja na abiria, tunapaswa kulifikiria zaidi.

Kinachoua injini zetu mara nyingi si mlima peke yake. Angalia pikipiki iliyo karibu nawe. Mbele ya injini kuna ngao iliyofungwa turubai kuzuia matope. Pembeni kumening'inizwa dumu. Kwenye pezi kuna tope lililokauka likachanganyika na oili inayovuja kidogo kidogo kwenye gasketi, limekuwa kama saruji. Hewa itapita wapi? Pikipiki hiyo inapanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa polepole, wakati ambapo upepo wenyewe ni mdogo na injini inafanya kazi kubwa kuliko wakati wowote. Turubai linafaa wakati wa masika, kiangazi lifunguliwe. Tope la kwenye pezi litolewe kwa brashi injini ikiwa imepoa, na hapa nisisitize kupoa. Nimeona vijana wakifika kileleni na kumwagia maji ya mtoni injini inayofuka moshi. Chuma kilichopanuka kwa joto kikipozwa ghafla upande mmoja kinaweza kupinda au kupasuka. Ni afadhali kumalizia mita mia chache za mwisho kwa mwendo wa taratibu, kuelekeza pikipiki kwenye upepo, na kuizima.

Kuna pia breki ya nyuma iliyokazwa mno, ambayo inashika hata usipoikanyaga, na cheni kavu iliyovutwa hadi imekuwa kama waya wa gitaa. Vyote hivyo vinailazimisha injini kuvuta mzigo ambao haukulipiwa na mteja yeyote. Cheni ya pikipiki nyingi za aina hii inatakiwa kuchezacheza kiasi cha milimita 20 hadi 30 unapoisukuma kwa kidole katikati, na ipimwe mzigo ukiwa umeshushwa.

Oili: hesabu ambayo wengi wanaikosea

Injini ya sentimeta 125 au 150 inachukua oili takriban lita moja tu. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, inalainisha gia, inalainisha klachi, na juu ya hayo yote inabeba joto kutoka ndani na kulileta kwenye ukuta wa nje. Ikipungua kwa kipimo cha glasi moja ya chai, umepoteza sehemu kubwa ya kipozeo chako. Kwa hiyo kijiti cha oili kitazamwe kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima, kama vile mfugaji anavyotazama kiwele kabla ya kukamua.

Vitabu vya pikipiki nyingi husema oili ibadilishwe kati ya kilomita 2,000 na 3,000, lakini hiyo ni kwa matumizi ya kawaida. Vumbi, mlima na mzigo mzito si matumizi ya kawaida. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayekwenda kilomita 300 kwa wiki. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Wewe weka za kwenu. Lita ya oili iwe shilingi 12,000. Akibadilisha kila kilomita 3,000, atafanya hivyo karibu mara tano kwa mwaka na kutumia kama shilingi 62,000. Akibadilisha kila kilomita 1,500, atatumia kama shilingi 125,000. Tofauti ni shilingi 63,000 kwa mwaka, na hapo ndipo wengi wanapoona wamebana matumizi.

Sasa weka upande wa pili ovahoo. Pistoni, ringi, kuchonga silinda, gasketi na mkono wa fundi, tuseme jumla shilingi 180,000. Pikipiki inalala gereji siku nne, na kila siku ingeingiza faida ya shilingi 20,000: hiyo ni 80,000 nyingine ambayo haionekani kwenye risiti yoyote. Jumla 260,000. Ukigawanya, utaona kwamba oili ya ziada inajilipa hata kama inaepusha ovahoo moja tu katika miaka minne. Na bado sijahesabu tenga la nyanya lililooza njiani, wala mteja wa sokoni aliyepata mchuuzi mwingine.

Jambo jingine ni aina ya oili. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini. Baadhi ya oili za magari zimewekewa kemikali za utelezi, na klachi ikiteleza inazalisha joto lake yenyewe huku injini ikilia bila mwendo kuongezeka. Tafuta chupa iliyoandikwa alama ya JASO MA, ambayo ni ya pikipiki. Unene fuata kitabu. 20W-50 hutumika sana katika injini zinazopozwa kwa hewa.

Kujifunza kusikiliza

Tukirudi kwenye kelele, kwanza fahamu injini uliyonayo. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, injini iliyobuniwa kwa makusudi kuvumilia matunzo hafifu ya nchi zetu. Badala ya cheni ya taimingi ina fimbo zinazosukuma vali. Viwanda vya China vimeinakili muundo huo kwa miaka mingi, na ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zina kamlio ka kugonga gonga hata zikiwa mpya. Boxer yenyewe ina cheni ya taimingi, ambayo ikilegea hutoa sauti ya kukwaruza upande wa silinda. Mwenye CG anayetaka injini yake inyamaze kama Boxer anatafuta ugonjwa.

Sababu ni nafasi ya vali. Kati ya tapeti na vali kunaachwa upenyo mdogo sana, mara nyingi kati ya milimita 0.05 na 0.10, unaopimwa kwa kibati maalumu injini ikiwa baridi kabisa. Vali ikipata joto inarefuka na kuula upenyo huo. Fundi akikaza mpaka sauti iishe, kama alivyofanya wangu, vali haifungi sawasawa. Vali ya moshi hupoa pale tu inapokaa kwenye kiti chake. Isipokaa, inabaki na joto hadi inaungua. Ukienda gereji na fundi anaanza kukaza tapeti kwa kusikiliza, injini ikiwa ya moto, mwombe kwa heshima kibati cha kupimia. Asipokuwa nacho, usione haya kuondoka.

Sauti zenye habari mbaya ni nyingine. Mlio wa kokoto ndani ya kopo wakati wa kupanda ni petroli inayolipuka kabla ya wakati, na joto lake linaweza kutoboa pistoni. Punguza gia, punguza moto, kisha chunguza mafuta. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa balaa hapa nchini hadi EWURA ilipoanzisha mpango wa kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Hata hivyo petroli ya kwenye chupa za maji kando ya barabara haina wa kuikagua. Mlio wa "pof, pof" karibu na silinda ni gasketi ya ekzosi inayopitisha moshi. Mtetemo wa chini unaofanya vioo vya pembeni visionyeshe kitu, kaza kwanza bolti zinazoshikilia injini kabla hujatoa hela ya spea.

Kuna kelele nyingine ambayo tunaitengeneza wenyewe. Vijana hutoboa ekzosi au kutoa vitu vya ndani wakiamini pikipiki inaongezeka nguvu. Kinachoongezeka zaidi ni sauti. Kabureta ikiachwa ilivyo, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi kuliko petroli, na mchanganyiko wa namna hiyo unaungua kwa joto kali. Wafugaji wa kuku wa mayai wanaoishi kando ya barabara nao wana maneno yao kuhusu jambo hili, na sitayaandika hapa.

Anayeumia kwanza ni dereva mwenyewe. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Maana yake ni kwamba kwenye desibeli 94 una saa moja tu, na kwenye 100 dakika 15. Masikio yakivuma usiku baada ya kazi, hayo ni malalamiko yao. Helmeti inalinda kichwa lakini haizuii sana sauti. Vizibo vya sponji vya masikioni vinasaidia. Pamba ya kawaida haifanyi kazi inayodhaniwa.

Na mzigo je? Mara nyingi kabichi za upande wa ekzosi hufika sokoni zimenyauka na za upande wa pili zikiwa mbichi, na mchuuzi akashusha bei ya kiroba chote. Ndizi na nyanya hupata joto hilo zikaiva mapema. Maziwa ndiyo usiseme. Usizungushie ekzosi gunia wala kitambaa, maana kikilowa oili kinawaka. Mwambie mchomeleaji akufungie kipande cha bati kwenye fremu ya mzigo, kiachane na ekzosi kwa upana wa vidole vitatu hivi ili hewa ipite katikati, na kishuke hadi usawa wa kifundo cha mguu wa abiria. Maziwa na nyanya za daraja la kwanza zipakie upande usio na ekzosi, na upande wenye ekzosi weka viazi au karoti.

Mimi ile pikipiki bado ninayo. Inagonga "tiki tiki" kama zamani, na kila nikibadilisha oili naandika kilomita kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti.