Siku 22: kwa nini sendika ingali na kazi leo

Sheria ya Kongo inampa mfanyakazi wa siku haki ambayo wengi hawaijui. Lakini kuijua peke yake hakutoshi. Yule anayeidai akiwa mutu mumoja, kesho haitwi tena.

Saa kumi na moja ya asubuhi, jua halijatoka, utawakuta wamesimama mbele ya milango ya makompani ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kaske iko mukononi, viatu vimekwisha kuchoka, wengine wametembea kutoka mbali juu ya kuchunga pesa ya bisi. Wanangojea mutu atoke na karatasi na kusoma majina. Mwenye kuitwa anaingia. Mwenye hakuitwa anarudia nyumbani, na njiani anatafuta neno la kumwambia mama watoto.

Wengi kati yao hawakufika pale jana. Ni miezi, na kwa wengine ni miaka. Mulango ni ule ule, mashini ni ile ile, shefu ni yule yule. Lakini kwa karatasi ya kompani, kila asubuhi ni watu wapya. Hao ndio tunaita jurnalye, watu wa kulipwa kwa siku: hawana konje, hawana kontra mukononi, na wakipata ugonjwa hakuna mwenye kuuliza wako wapi.

Sheria inasema nini?

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 imewafikiria watu hawa. Kifungo cha 40 kinasema wazi: mutu anayechukuliwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na mwajiri akimchukua tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Kifungo cha 44 kinaongeza kwamba pasipo kontra ya maandishi, sheria inachukua kwamba kazi ni ya muda usio na mwisho, mpaka ihakikishwe kinyume.

Tufanye hesabu. Mutu anayetumika siku sita kwa juma anafikisha siku 22 kabla ya juma la ine kuisha. Ni kusema, wengi wa wale wanaosimama pale mulangoni wamekwisha kuwa wafanyakazi kamili mbele ya sheria. Ni karatasi ya asubuhi tu ndiyo inakataa.

Sasa uliza mumoja wao sababu gani hadai haki yake. Jibu ni lile lile kila mahali: "Ukisema, kesho bataita mwingine." Na ni kweli. Patroni hana haja ya kumufukuza. Hana haja ya barua, wala prewavi, wala ya kueleza kosa. Inatosha asisome jina lake.

Hapa ndipo utaona kazi ya sendika. Mutu mumoja akiuliza juu ya siku 22, anaitwa mukaidi. Watu sitini wakiuliza kwa mudomo wa delege wao, na kopi ya barua iko kwa inspekta wa kazi, hiyo imekuwa dosie. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sheria iliandikwa kwa ajili ya mutu mumoja mumoja, lakini mutu mumoja hawezi kuibeba.

Haki hii ililipwa kwa damu

Wengine wanasema sendika ni mambo ya Wazungu, yamekuja na vitabu. Hapana. Hapa Katanga tunajua bei yake.

Mwaka 1941 vita ya Ulaya ilikuwa inaomba shaba nyingi. Union Minière iliongeza kazi, na bei ya vitu sokoni ikapanda, lakini mushahara wa mweusi haukufuata. Wafanyakazi wazungu walikuwa wameanza kujipanga na kudai nyongeza. Mweusi, yeye, hakuwa na ruhusa ya kuunda chama. Mwanzo wa Desemba, watu wa Union Minière wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba 1941, umati ulikusanyika kwenye kiwanja cha mupira cha Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Léonard Mpoyi, karani aliyesemea wenzake, alisimama mbele ya wakubwa wa serkali. Askari wakapiga risasi. Mpoyi alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka, na makumi ya watu wakafa pamoja naye.

Walikuwa wanaomba nyongeza ya mushahara. Hawakuwa na sendika, hawakuwa na delege anayelindwa na sheria, wala hapakuwa na meza ya kuzungumuzia. Kati yao na bunduki hapakuwa kitu. Ni mwaka 1946 tu utawala wa Ubelgiji uliruhusu Wakongomani kuunda sendika, tena kwa masharti mengi. Leo Katiba ya 2006 inatambua uhuru wa sendika kwa kifungo cha 38 na haki ya kugoma kwa kifungo cha 39. Tunasoma vifungo hivi haraka haraka, lakini viliandikwa baada ya watu kuzikwa.

Sendika nazo zina makosa

Tusidanganyane. Wasomaji wengi watasema: "Ile sendika yetu inakula na patroni." Tunaelewa hasira hiyo. Toka mwaka 1967 kulikuwa na sendika moja tu ya inchi, UNTZA, chini ya mukono wa chama cha MPR, na kazi yake kubwa ilikuwa kutuliza watu. Mwaka 1990 mulango ukafunguka, sendika zikawa nyingi, na zingine zilizaliwa juu ya kukata mchango kwa mushahara wa watu, basi.

Kazi nayo imegeuka. Wazee wa Gécamines wanakumbuka wakati kompani moja ilikuwa na hospitali, masomo na chakula cha familia. Mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 walitolewa kwa mupango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda. Makompani mapya yaliyokuja yanapenda kuchukua watu kupitia kompani ndogo ndogo, ile tunaita sutretansi. Mwaka 2021, shirika RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi walichunguza mine tano kubwa, wakaona zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wamechukuliwa kwa njia hiyo. Ukilia kwa kompani kubwa, wanasema: "Wewe si wetu." Ukilia kwa ile ndogo, wanasema: "Kontra yetu na wakubwa imeisha."

Lakini sendika mbaya si sababu ya kukaa bila sendika. Delege anachaguliwa kwa kura. Kama wa jana alinunuliwa, kura ya kesho iko mukononi mwenu. Na sheria inamulinda delege: mwajiri hawezi kumufukuza bila inspekta wa kazi kukubali. Jurnalye hana ulinzi kama huo. Kwa hiyo acheni yule anayelindwa aseme kwanza.

Anza na kaye

Ndugu msomaji, kama wewe ni jurnalye, nunua kaye ndogo. Kila siku andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi uliyofanya na jina la shefu wako. Chunga kila karatasi ya malipo. Wambie wenzako wafanye vile vile. Siku zikifika 22, kaye moja inaweza kubishiwa. Kaye kumi zinazosema neno moja, si rahisi.

Kisha mutafute delege, mumuombe aandike. Patroni akikataa, mwende kwa inspekta wa kazi. Sheria inataka kesi ipite kwake kwanza, ajaribu kupatanisha, kabla ya kufika tribinali. Musikawie, maana sheria inaweka muda wa kudai, na kwa mushahara muda huo ni mufupi.

Mwende wengi. Mpoyi alisimama mbele ya bunduki ili mweusi apate mutu wa kumusemea. Ninyi munaomba tu jina lenu liandikwe mara moja, lisingojee kusomwa kila asubuhi.