Mume yuko Dubai, familia iko Mombasa: ulipe nini, wapi na kwa nani?

Kila mwisho wa mwezi, mawakala wetu wa Biashara Street huwahudumia wateja wanaokuja kutoa pesa walizotumiwa kutoka Dubai, Abu Dhabi, Riyadh na Jeddah. Wengine wakishamaliza kuhesabu noti huwa na swali: "Mzee ana kazi ya mkataba huko. Mimi na watoto tutaendaje tukakae naye, na tumlipe nani?"

Swali hili linataka jibu la wazi, maana ukikosea unaweza kupoteza akiba ya mwaka mzima. Ukisoma makala haya ukasahau yote, kumbuka jambo hili moja: viza ya familia huombwa na kulipiwa kule, na yule aliye kazini. Wewe huku nyumbani unalipia karatasi.

Kwanza muulize: je, anaruhusiwa kuwaita?

Si kila anayefanya kazi Ghuba anaweza kuita familia. Kila nchi ina masharti yake, na mkataba wa muda haumaanishi moja kwa moja kwamba mke na watoto watapewa ukaazi.

Katika Muungano wa Falme za Kiarabu, kinachoangaliwa zaidi ni mshahara. Anayetaka kumdhamini mke na watoto anatakiwa awe na kibali cha ukaazi kinachotumika na mshahara wa angalau dirham 4,000 kwa mwezi, au dirham 3,000 ikiwa mwajiri anampa nyumba. Dirham moja ni takriban shilingi 35, kwa hivyo dirham 4,000 ni kama KSh 140,000. Mshahara huo uonekane kwenye mkataba. Ahadi ya bosi ya kuongeza baadaye haihesabiwi.

Pia awe na mahali pa kuwaweka. Dubai, mkataba wa nyumba husajiliwa kwenye mfumo unaoitwa Ejari. Kama analala kwenye kitanda cha kukodi ndani ya chumba cha watu sita, hapo hajawa tayari, hata kama mshahara umefika.

Saudia ni tofauti. Kule, kazi iliyoandikwa kwenye iqama, yaani kibali chake cha ukaazi, ina uzito mkubwa. Mfanyakazi wa nyumbani, kwa mfano, hawezi kuileta familia kwa kibali hicho. Na anayeruhusiwa hulipa ada ya riyali 400 kila mwezi kwa kila mtu anayemtegemea. Hebu piga hesabu: mke na watoto wawili ni riyali 1,200 kwa mwezi, riyali 14,400 kwa mwaka. Hizo zinakaribia nusu milioni ya shilingi, na bado hujalipa kodi ya nyumba wala karo ya shule.

Ndiyo maana tunasema muanze na simu. Muulize mshahara wake kwenye mkataba ni kiasi gani, kibali chake kinaisha lini, na kazi yake imeandikwaje. Majibu hayo hayagharimu kitu.

Pili: karatasi za huku

Kama majibu ni mazuri, sasa wewe ndiye mwenye kazi. Fuata mpangilio huu.

1. Cheti cha ndoa. Hapa Pwani wapo wengi waliofungishwa nikaha msikitini, wakaishi miaka mingi bila cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na nyingine, lakini inataka isajiliwe. Mashahidi na picha za harusi havitoshi kwa balozi. Kama huna cheti, anza kwa Kadhi kabla ya jambo jingine lolote.

2. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Huombwa kupitia eCitizen.

3. Pasipoti, kila mtu na yake, hata mtoto mchanga. Ombi hujazwa eCitizen, kisha mnafika Uhamiaji mkiwa na karatasi zenu. Kwa mtoto, idhini ya wazazi inahitajika, kwa hivyo mwambie baba mapema atume nakala ya kitambulisho na pasipoti yake.

4. Kuidhinisha vyeti. Cheti huthibitishwa kwanza upande wa msajili, halafu Wizara ya Mambo ya Nje mjini Nairobi, halafu ubalozi wa nchi mnayokwenda. Kwa Falme za Kiarabu, kikifika kule hupigwa muhuri tena na wizara yao ya mambo ya nje, na hutafsiriwa kwa Kiarabu na mtafsiri anayetambuliwa.

Kabla ya hatua ya nne, weka karatasi zote mezani ulinganishe majina herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Fatuma, cheti cha ndoa kinasema Fatma, cha mtoto kinasema Fatma bint Ali. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza ni watu watatu. Ukirekebisha baada ya mihuri, unarudia safari yote na gharama yote.

Tatu: maombi ya kule

Karatasi zikikamilika, mume ndiye anayeomba kibali cha kuingia kwa kila mmoja wenu. Aliye Dubai hutumia idara ya ukaazi inayojulikana kama GDRFA. Walio katika falme nyingine hutumia mamlaka ya ICP. Hulipa mwenyewe, kwa dirham. Mkishafika kuna siku 60 za kukamilisha ukaazi: vipimo vya afya kwa wenye miaka 18 na zaidi, bima ya afya na kitambulisho cha Emirates.

Wapo wanaoshauriwa waende na viza ya matembezi, "mengine mtayapangia huko huko." Kutembeleana si kosa. Lakini hiyo viza haikuruhusu kufanya kazi, na ikipita muda faini ni dirham 50 kwa siku, kwa kila mtu. Siku 20 za kuchelewa ni dirham 1,000, yaani kama KSh 35,000, kwa mtu mmoja tu.

Nne: pesa yako ipite njia gani?

Malipo ya serikali ya Kenya hupitia eCitizen, Paybill 222222. Mfumo hukupa nambari ya akaunti ya malipo hayo. Iandike ilivyo, soma jina linalotokea kwenye skrini, ndipo uweke PIN. Weka ile SMS ya uthibitisho, usiifute. Kama huna uhakika na fomu, Huduma Centre iko pale Posta, Digo Road, hatua chache kutoka Biashara Street.

Sasa, akija mtu akakwambia, "Nitumie elfu themanini kwa nambari hii, viza ya familia itoke wiki ijayo," jiulize maswali matatu:

- Mbona pesa za viza zinaombwa huku, na mwombaji yuko kule?
- Mbona jina kwenye skrini ni la mtu binafsi?
- Mume wako anamjua mtu huyu?

Hata wakala wa ajira mwenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira amepewa leseni ya kutafutia watu kazi. Hana uwezo wa kutoa viza ya familia. Na ukionyeshwa viza kwenye WhatsApp, usiiamini picha. Mwambie mume aikague kwenye tovuti ya ICP au GDRFA kwa nambari ya pasipoti yako kabla hujakata tikiti.

Kama tayari umetuma pesa na moyo unakwenda mbio, usingoje kesho wala usione haya. Piga simu kwa huduma kwa wateja wetu dakika hiyo hiyo, ukiwa na nambari ya muamala. Kuzuia pesa ambazo bado hazijatolewa ni rahisi zaidi kuliko kuzitafuta zikishatolewa. Kisha andikisha ripoti polisi.

Leo jioni mkizungumza naye, anzeni na yale maswali matatu ya mshahara, kibali na kazi. Kama hajafikia kiwango, ni heri mjue sasa, akiba ikiwa bado iko kwenye simu yako.