Nani Atamkatia Majani?

Huenda jikoni kwako, karibu na mafiga, wamo simbilisi wawili watatu wanaokimbilia pembeni kila mlango ufunguliwapo. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini, Iringa, Njombe hata Mbeya, wanyama hawa wadogo wamezoeleka, na mara nyingi mwenyewe hasa ni mtoto. Yeye huwakatia majani, yeye huwapa majina, na jioni humpakata mmoja akiota moto. Sasa mtoto huyo amemaliza darasa la saba, na mwezi wa kwanza aenda shule ya bweni. Simbilisi wake afanyweje?

Wazazi wengi hulikata shauri hili upesi: "Si kijinyama tu?" Nami niliwahi kufanya hivyo ujanani. Mdogo wangu alipokwenda kukaa kwa shangazi yetu, nilichoka kuchuma majani, nikamwuza simbilisi wake sokoni. Aliporudi nikamwambia ameliwa na nguchiro. Akaenda kutazama kizimba. Akaona mlango mzima, wala hakuna hata unyoya chini. Hakusema neno. Lakini tangu siku ile, kila nililomwambia alikwenda kwanza kumwuliza mama kama ni kweli.

Basi binti yangu alipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, tuliketi watatu, mimi, mama yake na yeye mwenyewe. Mama yake alitaka simbilisi abaki. Nami nikasema, "Mwanangu, usiwe na wasiwasi, tutamtunza." Akauliza kwa heshima, "Baba, nilipokuwa na homa, nani alimpa majani?" Tukatazamana. Hakuna aliyempa.

Wajua, simbilisi si mbuzi wa kufungwa kamba malishoni. Hula kidogo kidogo, mchana na usiku, na meno yake hukua maisha yake yote, hivyo yampasa kutafuna majani magumu ili yapungue. Tena mwili wake, kama mwili wa mtu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akipewa pumba tu bila majani mabichi, baada ya majuma machache viungo humwuma, hukataa kula, mwishowe hufa. Na akitunzwa vizuri huishi miaka 5 hata 8. Sisi tulikuwa tukienda shamba alfajiri na kurudi giza likiingia. Kumbakiza nyumbani kungekuwa kumwua polepole, huku tukijiita wenye huruma.

Tukaanza kumtafutia nyumba, na hapo ndipo penye kazi. Wetu alikuwa jike, amebaki peke yake baada ya mwenziwe kufa, na simbilisi hapendi upweke. Jirani wa kwanza alikuwa na dume na majike kadhaa. Yeye alifurahi, mimi nikakataa. Jike akipita miezi 7 hivi bila kuzaa, mifupa ya nyonga hukazana. Akipata mimba baadaye, aweza kufa katika kuzaa. Wetu alikuwa na miaka 2, hajazaa kamwe. Hili wengi hawalijui, huona ajabu jike mnene akifa siku ya kujifungua.

Jirani wa pili alicheka akasema wazi kwamba Pasaka angemla. Sikumlaumu. Huku kwetu simbilisi ni kitoweo, nami nimekula mara nyingi. Lakini huyu alikuwa na jina. Nilimshukuru jirani kwa kusema kweli, kwa maana wako wapokeao kwa tabasamu na sufuria iko motoni.

Wa tatu ni bibi mmoja mjane, mwenye majike mawili na mjukuu wa darasa la tatu. Banda lake lilikuwa kavu, limeinuliwa juu ya sakafu, mbali na moshi. Binti yangu alimpeleka mwenyewe, pamoja na majani makavu ya malalo yake ya zamani ili apate harufu aliyoizoea. Akamwonyesha yule mjukuu namna ya kumshika, mkono mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya matako. Akamwonya pia kwamba majani ya parachichi na ya viazi mviringo ni sumu kwake, nayo huku yamejaa kila shamba. Njiani kurudi alilia. Nami sikumwambia anyamaze.

Likizo ya mwezi wa sita alishuka basi, akaweka sanduku mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa bibi. Alirudi jua likizama. Nikamwuliza, "Amekukumbuka?" Akasema, "Sijui, baba. Alipiga mluzi niliposhika majani, lakini bibi akishika majani humpigia vile vile." Kisha akauliza kama chakula kimeiva.